Koti Jekundu kwenye Msumari wa Mama

Nyamwaga, Tarime
2 Mei 2025

Mwanangu Waisiko,

Kuna jambo nimelificha tangu nilipokuwa mtoto wa kuchunga ng'ombe, na sasa nina miaka sabini na minne. Sioni rangi nyekundu. Sikumwambia mama yangu. Sikumwambia mke wangu hadi nilipomzika, wala mwanafunzi hata mmoja katika miaka yote niliyofundisha kemia. Ukimwacha daktari, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Nimeanza na hilo kwa kuogopa kwamba ungeichana barua kabla ya kufika kwenye salamu. Sasa nakusalimu. Habari za Busawe? Mahindi yamepata mvua? Baba yako anaamkaje? Mimi figo zimechoka. Miguu imevimba, kalamu naishika kwa mistari michache kisha napumzika. Ningepiga simu, ila najua namba yangu umeifungia.

Majuzi redioni walisema kwamba wanasayansi huko Marekani wamewamulika watu watano mwale mwembamba ndani ya jicho, nao wakaona rangi ambayo binadamu alikuwa hajawahi kuiona. Nilicheka peke yangu. Wenzangu wanaongezewa rangi mpya, mimi hata zile za zamani sijazimaliza.

Ndani ya jicho kuna chembe za aina tatu zinazopokea rangi. Kwangu aina moja haipo. Nyekundu naiona kama kahawia iliyoungua, na usiku ni nyeusi tu. Mtoto wa kiume huirithi kasoro hii kwa mama, na mama mwenyewe anaona vizuri kabisa. Mama yetu alitugawia tofauti: mimi nilipata, baba yako Tomaso hakupata.

Baba alikuwa akiniambia, "Mura, niletee yule mtamba mwekundu," nami naleta mwingine, nachapwa. Nikajifunza pembe. Nikajifunza mwendo. Baadaye hakuna aliyewajua ng'ombe wetu kunishinda, kwa sababu sikuhitaji rangi. Nguo zangu nilizijua kwa kupapasa vifungo. Darasani, kimiminika kikibadilika kwenye chupa, niligeuka na kuuliza, "Haya, mnaona rangi gani?" Wanajibu kwa pamoja, naandika ubaoni. Mkaguzi mmoja alinisifu sana: mwalimu anayeshirikisha darasa!

Mwaka jana daktari wa macho alinifungulia kitabu chenye maduara ya vitone. Ndani ya vitone kuna tarakimu. Muuguzi aliyesimama nyuma yangu alizisoma. Mimi niliona vitone.

Unajua kwa nini nakuandikia wewe. Huku mashimo yamefunguliwa tena, bei ya dhahabu imepanda, vijana wanapita na sururu kama mwaka ule wa 1994. Nikiwasikia alfajiri silali tena. Mwaka ule duara, lile shimo la dhahabu la baba yako na wenzake, liliporomoka likamuua Mayunga, yule kijana wa Kisukuma aliyekuwa akichimba nao. Usiku uliotangulia mtu aliingia chini akaibomoa nguzo, ule mwamba ambao wachimbaji wenye akili huuacha usimame ubebe dari, hata kama umejaa dhahabu. Mlinzi, Mniko, alimwona mwizi kwa nyuma akipanda ngazi na mfuko, amevaa koti jekundu. Nami, mbele ya ritongo, wazee wote wa ukoo wamekaa, nilisema nilimwona Tomaso akipita njiani na koti lake jekundu. Kwa neno hilo ndugu yangu alifukuzwa, asiishi katika ardhi ya ukoo wala asizikwe humo.

Sasa unaona ninachotaka kusema. Nilitoa ushahidi wa rangi nisiyoiona. Huenda lilikuwa koti la kijani. Huenda alikuwa mtu mwingine kabisa. Ni kosa la jicho, si la moyo. Wapelekee wazee barua hii, Tomaso arudi nyumbani, nami nife nikiwa nimeutua mzigo huu.

Baba yako mkubwa,
Protasi


Busawe, Serengeti
19 Mei 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mama alinifundisha kumwamkia mtu mzima hata nisiyempenda, kwa hiyo salamu hiyo mshukuru Agustina, usinishukuru mimi. Sisi tuko hai. Mahindi yanaendelea.

Umeuliza baba anaamkaje. Anaamka kwa kushikwa mkono, kwa sababu haoni kilichoko pembeni. Anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Ulipomfukuzisha hakuwa na shamba, akaenda kuosha dhahabu ya watu. Miaka mingi alikamua zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma kwenye sufuria lile lile tulilopikia baadaye. Daktari anasema huenda ndiyo iliyomla macho na mishipa. Mikono inatetemeka, uji unaishia kifuani. Wewe unayependa habari za macho, na hiyo iweke pamoja na maajabu yako ya redioni.

Nilimsomea barua yako. Alisikiliza mpaka kwenye ng'ombe. Hapo akacheka hadi akakohoa. "Ni kweli," alisema. "Protasi alikuwa anamjua ng'ombe gizani kwa kusikia tu anavyokanyaga. Sisi wenye macho ndio tulikuwa tunamwita."

Baba Mkubwa, mimi uliniachisha shule nikiwa darasa la nne. Nilirudi nikiwa mkubwa kuliko dawati, kwa hiyo nikikosea nisahihishe kwa kalamu yako nyekundu, kama utaiona. Umeandika mwenyewe kwamba hukuhitaji rangi. Ulijua pembe, ulijua mwendo, ulijua vifungo. Ndugu yako uliyelala naye ngozi moja, anayevuta mguu wa kushoto tangu alipoanguka utotoni, huyo ndiye uliyemtambua kwa koti? Usiku? Kwa rangi ambayo kwako usiku ni nyeusi?

Halafu, neno "jekundu" ulilitoa wapi? Nilikuwapo. Nilikaa nyuma ya wanawake, mama amenifunika miguu kwa khanga yake. Ulisimama na suruali yako iliyopigwa pasi ukasema kwa sauti ya darasani, "Nilimwona Tomaso. Alikuwa na koti lake jekundu." Hukusema koti jeusi. Hukusema unadhani. Mama aliniziba masikio, lakini alichelewa.

Usinitume kwa wazee na barua ya namna hiyo. Mimi si mwanafunzi wako wa kukutajia rangi ili wewe uandike ubaoni.

Binti wa Tomaso,
Waisiko


Nyamwaga, Tarime
28 Mei 2025

Mwanangu,

Natumaini barua hii inawakuta mmeamka vizuri. Nasikitika kwa hali ya Tomaso, habari ya zebaki sikuwa nayo. Mimi nalala nimekaa, maana nikijinyoosha pumzi inakatika.

Barua yako ina matusi, na nimewahi kumtoa mwanafunzi darasani kwa maneno madogo kuliko hayo. Ila swali lako ni swali zuri, na swali zuri silikimbii.

Neno "jekundu" nililipata kwa Mniko. Alisema kabla yangu, nikalisikia, likaingia. Usidhani naongea ya kwangu, wataalamu wamelichunguza hili. Waliwaonyesha watu filamu ya magari yanayogongana, kisha wakawauliza swali lililotiwa neno moja kali kuliko inavyostahili. Baada ya wiki, wengi wa watu hao wakasema waliona vioo vilivyovunjika. Hakukuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika! Kumbukumbu si picha iliyotundikwa ukutani. Kila ukiishika unaipaka rangi upya, na mwishowe unaapa kwa rangi uliyoipaka mwenyewe.

Kuna na jaribio jingine. Watazamaji waliambiwa wahesabu pasi za mpira. Katikati ya mchezo akapita mtu aliyevaa ngozi ya sokwe, akasimama, akajipiga kifua, akaondoka. Karibu nusu yao hawakumwona. Watu wenye macho mazima, mchana! Basi unashangaa nini kwamba mwalimu mmoja aliyechoka, usiku, aliona kivuli, na kesho yake akakipa jina?

Sikudanganya. Akili yangu ilinidanganya mimi, nami nikawapelekea wazee kile nilichopewa. Mguu wa Tomaso sikuuangalia. Nilikuwa na mawazo yangu.

Na usinifundishe jinsi ya kumjua ndugu yangu. Huyo nilimbeba mgongoni kabla mama yako hajajua kama amezaliwa. Wapelekee wazee barua zote mbili. Wao wana busara ya kuelewa hata kile wewe unachokikataa kwa hasira.

Baba yako mkubwa,
Protasi


Busawe, Serengeti
15 Juni 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo tena, na pole kwa pumzi.

Nilizipeleka. Nilikwenda hadi Mugumu, nikalala kwa Saida anayeuza vitenge sokoni, asubuhi nikapanda gari la Nyamwaga. Nilipita mbele ya nyumba yako bila kuingia. Mbwa wako alinibwekea. Angalau yeye akimwona mtu anasema amemwona.

Wazee walikaa, na Mzee Mniko alikuwa pamoja nao. Bado ana meno na bado ana macho. Niliposoma habari ya jicho lako walitikisa vichwa, wengine wakakuonea huruma. Niliposoma habari ya sokwe walicheka mno.

"Huyo sokwe alikuwa wa ukoo gani?" mmoja aliuliza.

"Wa Mwalimu," mwingine akajibu, "ndiyo maana hakuonekana."

Kisha Mniko akasimama, akaegemea fimbo. "Mwalimu hakuona rangi, sawa," alisema. "Mimi niliiona. Tochi yangu ilikuwa na betri mpya. Koti lilikuwa jekundu, na koti jekundu kijijini lilikuwa moja." Wazee wakaafikiana hapo hapo. Ukiliondoa neno la Mwalimu, la Mniko linabaki. Tomaso abaki alipo.

Unaona ulichokifanya? Jicho lako bovu halimsaidii baba hata kidogo. Linakusaidia wewe, ufe ukiitwa mtu aliyekosea.

Niliporudi nilimuuliza baba habari za koti. Hakuwahi kunieleza, nami sikuwahi kuuliza, maana kwetu neno hilo halitamkwi. Anasema bibi alinunua makoti mawili ya mtumba Sirari, siku moja, mshono mmoja. Jekundu likawa lake. Lako lilikuwa la kijani kilichokolea, halina kifungo cha juu. Siku ile mvua ilinyesha mchana kutwa, mkayatundika yote mawili kwenye msumari mmoja jikoni kwa bibi, yakauke kwa moshi. Jioni baba alishikwa na homa akaenda kulala kwake bila koti. Shule zilikuwa zimefungwa. Wewe ulilala kwa bibi.

Kesho yake asubuhi bibi alimletea baba koti lake, limefuliwa, bado linachuruzika maji. Hakumwambia kwa nini amelifua. Baba alidhani mama yake anamhurumia kwa homa.

Mbele ya ritongo baba alisema, "Koti langu lilikuwa jikoni kwa mama." Mama yangu naye alisema alikesha naye usiku kucha akimkanda kwa maji. Nani angewasikiliza? Mwalimu alikuwa ameshaongea.

Sikuulizi tena habari za macho wala za kumbukumbu. Baba anataka kitu kimoja tu duniani, alale karibu na mama yake, na hilo liko mikononi mwako. Kwa hiyo nakuuliza swali moja, lisilohitaji mtaalamu. Usiku ule, koti la baba lilikuwa wapi?

Binti wa Tomaso,
Waisiko


Nyamwaga
21 Juni 2025

Waisiko,

Nimesoma. Mama yangu yuko kaburini, mwache apumzike na nguo alizozifua. Nilikuandikia kutafuta kupatana, wewe umenigeuzia upelelezi. Mimi ni mgonjwa. Usiniandikie tena.

Protasi


Busawe
9 Agosti 2025

Baba Mkubwa,

Baba amefariki jana asubuhi.

Tangu barua yako ile ya mwisho sikumwambia kwamba umekataa. Kila wiki alikuwa akiniuliza kama umejibu, nami namwambia bado. Juzi jioni aliuliza tena. Nikasema bado. Akasema, "Usimharakishe. Protasi huandika polepole, anapenda mwandiko wake upendeze." Akaomba maji, akanywa kidogo, hakuongea tena. Nakuandikia hayo ili ujue kwamba alikufa anakutetea. Mimi nisingefanya hivyo.

Mwili uko mochwari Mugumu. Hapa Busawe jirani ametupa sehemu pembeni ya shamba lake, karibu na mkonge wa mpakani, kwa wema wake tu. Hatujaigusa. Wazee wa Nyamwaga wanakaa kesho kutwa asubuhi, baada ya hapo hawatalizungumza tena jambo hili. Mzee Mniko, niliyempelekea habari za ule msumari, ametuma neno: akimsikia mtu akilitaja jina la aliyelivaa lile koti, kwa kinywa chake au kwa mwandiko wake, yeye mwenyewe atashika jembe kumchimbia Tomaso kaburi kwa mama yake. Asiposikia, anasema, tochi yake haijabadilika.

Anayekuletea barua hii ni Faridu, wa bodaboda. Nimemwambia asubiri mlangoni kwako. Hajui lolote na hahitaji chai.

Leo sikuamkii.

Waisiko


Nyamwaga, Tarime
10 Agosti 2025

Kwa Waisiko, na kwa wazee wa ritongo watakaosomewa,

Natia sahihi mwanzoni, kwa kuwa mkono unaweza kuniacha kabla ya mwisho. Ni mimi, Protasi, kaka wa Tomaso. Mwandiko huu Waisiko anaujua, na wengi wenu niliwafundishia watoto kwa mwandiko huu.

Salamu zenu siziombi. Faridu yuko mlangoni kama alivyoagizwa. Nimempa kiti akakataa, amekaa juu ya pikipiki yake anatazama njia. Sina mwingine wa kumngoja.

Koti la Tomaso lilikuwa mwilini mwangu.

Jioni ile Tomaso alikuja kwa mama akitetemeka kwa homa, lakini amejaa furaha, hakuweza kunyamaza. "Kaka, ile nguzo!" aliniambia. "Ukiimulika inakutazama. Lakini hakuna kuigusa, ndiyo inayobeba nyumba yote." Aliniambia mimi kwa sababu nilikuwa kaka yake. Katika duara lile sikuwa na sehemu yoyote. Nilikuwa mwalimu mwenye vyeti, ninayewaona watu wasiojua kusoma jina lao wakiezeka bati jipya. Sikuwa na njaa. Hakuna mtoto wangu aliyekuwa mgonjwa. Nilitaka tu.

Mama alipolala nikaenda jikoni. Moto ulikuwa umezimika. Makoti mawili, msumari mmoja. Maisha yangu yote nilikuwa napapasa kifungo cha juu kabla ya kuvaa, nikikuta hakipo najua ni langu. Usiku ule sikupapasa. Nilikuwa na haraka na nilikuwa na woga, nikachukua lililokuwa juu. Machoni pangu yalikuwa koti moja.

Niliingia duarani Mniko alipokwenda kuota moto upande wa pili. Nilijua kuchoronga mwamba kwa nyundo na tindo, likizo nyingine nilikuwa namsaidia Tomaso. Niliigonga ile nguzo mpaka ikabaki nyembamba kama mkono wa mtoto. Nikajaza mfuko, nikapanda. Niliona tochi ikinipita mgongoni nikakimbia. Yale mawe niliyapima kwa siri wiki moja baadaye. Yalikuwa yanang'aa tu, hayakuwa na kitu. Mwalimu wa kemia! Niliyatupa chooni.

Mama alikuta tope kwenye koti la Tomaso, na tope kwenye miguu yangu kitandani. Alilifua. Hakuniuliza kitu. Nadhani aliamini kwamba nitasema mwenyewe, na alikaa kwenye ritongo akiningoja niseme. Niliposema nilichokisema alijifunika uso kwa khanga. Tangu siku hiyo mpaka anakufa hakunikabidhi chakula mkononi. Alikuwa akikiweka chini na kuondoka.

Waisiko, uliuliza neno "jekundu" nililitoa wapi. Nilikuandikia kwamba nililitoa kwa Mniko, na hilo ni kweli, ila sikukuambia lilivyonipata. Mniko aliposimama nilijua nimekwisha. Nilikuwa nasubiri aseme kijani, koti la Mwalimu. Akasema jekundu. Kwanza nilidhani amepofuka. Kisha nikaona watu wote wakigeuka kumtazama Tomaso, ndipo nikaelewa ni koti gani nililivaa. Hakuna aliyekuwa ameniita kusema. Nilisimama mwenyewe.

Mambo ya macho na kumbukumbu nimeyasoma kwa miaka mingi, na watu hunisifu kwamba mzee hajaacha vitabu. Nilikuwa natafuta jaribio moja tu, popote duniani, litakaloniambia kwamba sikufanya. Sokwe nilimpenda sana. Nilikaribia kuamini kwamba nami nilikuwa nahesabu mpira.

Mzee Mniko, tochi yako ilikuwa nzuri. Shika jembe. Mlazeni Tomaso upande wa kulia wa mama, upande wa kushoto maji husimama wakati wa masika. Mimi nikifa, msinilete hapo. Ile sehemu waliyopewa Busawe, karibu na mkonge, kama mwenyewe hajaifuta ahadi yake, inanifaa.

Limebaki moja. Hili hata Waisiko hakuliuliza, na kwa ajili yake nilishikilia yale mengine yote, maana nilijua nikianza kuvuta moja litakuja na hili.

Mayunga. Mlimzika hapa kwa haraka, hakuna ndugu yake aliyefika. Nimesema ni kosa la jicho, nikasema ni kosa la kumbukumbu. Asubuhi ile nilikuwa uani kwa mama, napiga mswaki. Kulikuwa kumekucha kabisa, jua limetoka. Mayunga alipita njiani na sururu begani, anaelekea duarani, akasimama akacheka. "Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Leo tunapata." Hapakuwa na rangi ya kukosea. Nilimwona uso, nilimjua jina, nilijua anakokwenda, na nilijua nilivyoiacha ile nguzo. Nikatema maji, nikamwitikia marahaba, nikamwacha apite.